Kamba Haiponyi Mgonjwa wa Akili

Somo hili lahusu ugonjwa ambao watu wengi huuogopa kama walivyouogopa ukoma hapo kale. Kwa sababu ya hofu hiyo huwatenda vibaya wale walioupata. Lisomwe polepole. Anayejua kusoma awasomee wazee wasiojua, kisha maswali yaliyo mwishoni yajibiwe na wote pamoja.

I. MFANO

Katika kijiji kimoja cha milimani, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Bukavu, palikuwa na kijana wa miaka 20. Baba yake alikwisha kufa, naye aliishi na mama yake na kaka yake mkubwa. Alikuwa mpole, hodari wa jembe, tena mkatekumeni wa mwaka wa pili.

Mvua zilipoanza kunyesha, kijana akaanza kubadilika. Kwanza alikosa usingizi. Baadaye akaacha kuoga, akawa anakaa peke yake nyuma ya nyumba, akijibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Akakataa ugali na sombe ya mama yake, akisema vimetiwa sumu. Mwisho, usiku mmoja, alitoka na panga mkononi, akipaza sauti kwamba majirani wanamwita ili wamwue. Hakumgusa mtu, lakini hakuna aliyelala tena usiku ule.

Asubuhi watu wakakusanyika. Mmoja akasema: «Ni bangi.» Mwingine akasema: «Ni shetani. Apelekwe katika chumba cha sala, afungwe huko na kunyimwa chakula siku saba, mpaka shetani achoke.» Wa tatu akamtaja shangazi wa kijana, mjane mzee asiye na mtoto: «Ndiye aliyemroga.» Kaka mkubwa hakusema neno. Akaenda kuleta kamba, na wanaume wanne wakamfunga kijana mikono na miguu kwenye nguzo ya banda la mbuzi.

Mama yake akalia: «Mwanangu, huyu ni mdogo wako, mlinyonya ziwa moja. Hata mbuzi hawafungwi hivi.»

Kaka akajibu: «Mama, nifanye nini? Akimwua mtoto wa watu, nani atalipa?»

Neno la mama lilikuwa la kweli. Hofu ya kaka nayo ilikuwa ya kweli. Basi, kabla ya kusikia mwisho wa mfano huu, yafaa kuujua ugonjwa wenyewe.

II. UGONJWA HUU NI NINI?

Ubongo ni kiungo cha mwili, kama vile moyo na ini. Ini laweza kuugua, na ubongo vilevile. Ubongo ukiugua kwa namna hii, mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini kwa nguvu mambo yasiyo ya kweli: kwamba anafuatwa, anarogwa, anatiliwa sumu. Maneno yake huchanganyika. Kazi aliyoipenda humchosha, na watu aliowapenda huwakimbia.

Kwake sauti ile si uongo wala mchezo. Anaisikia waziwazi kama kila mtu asikiavyo jogoo alfajiri. Ndiyo maana kumcheka hakufai, na kubishana naye hakufai.

Ugonjwa huu ukidumu, waganga wa hospitali mara nyingi huuita skizofrenia. Shirika la Afya Duniani, liitwalo OMS, lasema kwamba mtu 1 hivi katika watu 300 anao. Basi haukuchagua kabila moja wala nchi moja. Mara nyingi huanza katika ujana, mwishoni mwa miaka ya kumi na kitu au katika miaka ya ishirini, na wanaume huupata mapema kuliko wanawake. Hauna sababu moja tu. Urithi wa damu una sehemu yake, taabu kubwa za maisha zina sehemu yake, na uvutaji wa bangi huongeza hatari. Lakini hauambukizi. Anayekula sahani moja na mgonjwa, au kulala naye nyumba moja, hataupata kwa sababu hiyo.

Tena ijulikane kwamba magonjwa mengine huweza kumchanganya mtu akili vivyo hivyo: malaria iliyopanda ubongoni, homa ya matumbo, kaswende, kifafa, ulevi wa lotoko, na malale, yaani ugonjwa wa usingizi, ambao Kongo imekuwa na wagonjwa wake wengi kuliko nchi nyingine. Kila mmoja wa magonjwa hayo una dawa yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mganga ni kumpima mgonjwa mwili na damu. Mtu aliyechanganyikiwa akili huku mwili wake una homa asingoje hata siku moja: huenda ni malaria, na malaria ya namna hiyo huua upesi.

III. JE, NI SHETANI? JE, NI UCHAWI?

Wakatekumeni wengi huuliza swali hili, na ni haki yao kujibiwa.

Katekisimu ya Eklezya Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 1673, yasema wazi kwamba ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, ni jambo lingine kabisa, na kuutibu ni kazi ya waganga. Tena sheria ya Eklezya, kanuni 1172, yakataza mtu yeyote kuwafukuzia watu mashetani bila ruhusa maalum ya Askofu. Basi yule ajiitaye nabii, anayewafunga wagonjwa, kuwanyima chakula na kudai mbuzi kwa jamaa zao, hakutumwa na Eklezya kufanya hivyo.

Lakini wengine watasema: «Je, yule mtu wa makaburini, katika Injili ya Marko, sura ya 5?» Vema, waisome sura hiyo kwa uangalifu. Ni nani waliomfunga mtu yule kwa minyororo? Ni watu wa nchi yake, wala minyororo yao haikumsaidia kitu. Bwana Yezu hakumfunga, hakumpiga, hakumnyima chakula. Na baada ya kuponywa, mtu yule alionekana ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Alitaka kumfuata Yezu, lakini Yezu akamwambia arudi nyumbani, kwa watu wake. Anayejitetea kwa sura hii na aishike yote, mpaka neno la mwisho, maana huko nyumbani ndiko mtu yule alikotumwa.

Na juu ya uchawi: katika Injili ya Yoane, sura ya 9, wafuasi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu. Yezu alikataa kumtia hatiani yule kipofu, na alikataa kuwatia hatiani wazazi wake. Anayemtaja mjane kuwa mchawi kwa sababu kijana anaugua, huvunja amri ya nane. Na watu wakimpiga mjane huyo hata afe, aliyemtaja ana sehemu yake katika damu hiyo.

Je, kusali kumekatazwa? Hapana. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha mambo mawili pamoja: mgonjwa asali kwa Mungu, tena ampe mganga nafasi yake, kwa maana dawa nazo ni kazi ya Mungu. Mwenye kusali tu na kuikataa dawa, ameshika nusu ya neno.

IV. KAMBA, NJAA NA VIBOKO

Kamba huzuia damu. Mkono uliofungwa sana huvimba, hutoka vidonda, na mwisho waweza kuoza. Njaa huudhoofisha mwili ambao tayari umekosa usingizi. Lakini ubaya mkubwa kuliko huo ni huu: mgonjwa husikia sauti ikimwambia, «Majirani wanataka kukuua.» Majirani wakija kumpiga na kumfunga, basi yeye huona kwa macho yake kwamba sauti ilisema kweli. Hivyo viboko huupa ugonjwa nguvu.

Basi yafanywe nini mgonjwa akichafuka? Watu watawanyike, watoto kwanza. Abaki mtu mmoja au wawili, wale anaowapenda na kuwaamini. Wenye nguvu wakae karibu, lakini mbali na macho yake. Panga, shoka na mchi viondolewe nyumbani. Aambiwe maneno machache, kwa sauti ya chini. Asibishiwe juu ya sauti anazozisikia, wala asidanganywe kwamba na wengine wanazisikia. Akiwa hatari kabisa, ashikwe kwa mikono ya watu muda mfupi tu, mpaka apate dawa. Na yule anayesema kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake usiku wala mchana, kwa maana wengine katika ugonjwa huu hujiua.

Huko Ulaya nako wagonjwa wa akili walifungwa minyororo muda mrefu. Katika mji wa Gent, nchini Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest alianzisha mwaka 1807 shirika la wafurere waitwao Frères de la Charité. Hao walijitoa kuwatunza wagonjwa waliokuwa wamefungwa huko, pamoja na mganga Joseph Guislain, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufa mwaka 1860. Wafurere wa shirika hilo wanawatunza wagonjwa wa akili hata katika Kongo: Bukavu katika Sosame, Goma katika Tulizo Letu, na Lubumbashi katika nyumba iliyopewa jina la Guislain mwenyewe.

V. DAWA

Hapo kale hata waganga wa Ulaya hawakuwa na dawa ya kufaa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waganga Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba dawa iitwayo kloropromazini yawatuliza wagonjwa na kuzipunguza sauti. Mwaka 1958, Mbelgiji Paul Janssen na wenzake wakapata haloperidoli. Dawa hizo mbili zingali zikitumika, na nyingine zimeongezeka baadaye.

Mambo manne yakumbukwe juu ya dawa hizi.

La kwanza: hazifanyi kazi yote siku moja. Usingizi na utulivu huanza kurudi katika siku za mwanzo, lakini sauti na mawazo ya hofu hupungua kwa majuma mengi. Mwenye kulima maharagwe hayafukui kila asubuhi kutazama kama yameota.

La pili: huweza kuleta taabu. Mikono hutetemeka, mwili hukakamaa, mate hutoka, mguu hautulii, usingizi huzidi, unene huongezeka. Mara nyingine shingo hujipinda au macho hupanda juu. Hiyo si sumu, wala si mchawi aliyerudi. Ni kazi ya dawa yenyewe, na mganga aweza kupunguza kipimo, kuongeza dawa ya kuzuia taabu hiyo, au kubadili. Basi mgonjwa arudi kwa mganga, asiitupe dawa.

La tatu: haziachwi siku ile mtu anapojisikia mzima. Baada ya ugonjwa wa mara ya kwanza, waganga hushauri zitumiwe mwaka mzima au zaidi tangu siku ya nafuu, na wengine huhitaji miaka mingi. Anayeziacha ghafula, mara nyingi ugonjwa humrudia. Kwa yule anayesahau vidonge, ipo sindano inayodumu mwilini majuma kadhaa. Wengi huchomwa mara moja kwa mwezi.

La nne: mgonjwa aache bangi na lotoko, maana hubomoa usiku yale ambayo dawa imejenga mchana.

VI. NYUMBA NA KIJIJI

Dawa hutuliza sauti. Lakini dawa haimpi mtu jembe, haimwiti chakulani, haimsalimii njiani. Hiyo ni kazi ya watu.

Katika mji wa Geel, nchini Ubelgiji, kuna kanisa la Mtakatifu Dymphna. Tangu karne za kale watu waliwaleta wagonjwa wa akili huko ili waombewe. Nafasi iliyokuwa kando ya kanisa haikuwatosha, basi wenyeji wakaanza kuwapokea katika nyumba zao. Mgonjwa alikula mezani pamoja na watoto wa nyumba, akafanya kazi shambani kadiri ya nguvu zake. Desturi hiyo haikukoma. Katika miaka ya 1930, wagonjwa zaidi ya 3,000 waliishi hivyo katika mji huo. Leo hesabu yao imepungua sana, lakini desturi ingali hai, na mwaka 2023 UNESCO iliiandika miongoni mwa desturi njema zinazofaa kuigwa.

Afrika nayo ina mfano wake. Mwaka 1954, mganga Thomas Adeoye Lambo, mwana wa Nijeria, alipanga wagonjwa wakae katika vijiji vya karibu na hospitali ya Aro, mjini Abeokuta. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake wa kumtunza. Walipata dawa hospitalini, kisha wakarudi kukaa kijijini, kulima na kuzungumza na watu. Mganga huyo aliona kwamba kijiji cha Kiafrika, kikiwa na moyo mwema, ni sehemu ya dawa.

Je, wote hupona? Yafaa kusema kweli. OMS yasema kwamba angalau mgonjwa 1 katika 3 wa skizofrenia aweza kupona kabisa. Wengine hupata nafuu kubwa, ingawa ugonjwa huwarudia mara kwa mara. Wengine huishi na ugonjwa siku zote, kama mtu aishivyo na mguu mbovu. Hata hao waweza kufanya kazi, kupenda na kupendwa. Lakini anayepelekwa mapema ana tumaini zuri kuliko yule anayepelekwa baada ya miaka ya kamba.

VII. MWISHO WA MFANO

Mama wa kijana alituma habari kwa ndugu yake, mjomba wa kijana. Mjomba akafika jioni ile ile. Akaketi chini karibu na nguzo, akamnywesha kijana maji. Kijana akasema: «Mjomba, huwasikii? Wananiita.»

Mjomba akajibu: «Mimi siwasikii, mwanangu. Lakini naona wanakutesa, tena hujalala siku nyingi. Twende pamoja kwa mwuguzi, akupe dawa ya usingizi. Nitakuwa kando yako.» Kisha akazifungua kamba kwa mikono yake, wakati kaka mkubwa akisimama karibu.

Katika kituo cha afya mwuguzi alimpima damu, malaria haikuonekana. Akamchoma sindano ya kumtuliza, akaandika barua. Kesho yake wakaanza safari ya Bukavu, na mbuzi mmoja akauzwa kulipia safari na chakula. Mama akakaa hospitalini pamoja na mwanawe, akimpikia. Majuma matatu yalipopita, kijana akala chakula cha mama yake bila hofu.

Akarudi nyumbani na vidonge. Mikono ilimtetemeka, watoto wakamcheka. Mwezi wa nne akajiona mzima, na kaka yake akamwambia: «Kwa nini kununua dawa kwa mtu asiyeugua?» Akaziacha. Mwezi wa sita sauti zikarudi. Safari hii kaka hakutafuta kamba. Alimpeleka mwenyewe kwa mwuguzi, wakaanza tena, kwa sindano ya kila mwezi.

Miaka miwili imepita sasa. Sauti moja imebaki, lakini ni ya mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto, na kijana amejifunza kutoitii. Analima. Amerudi kwenye benchi la wakatekumeni, maana ugonjwa wa akili haumfungii mtu mlango wa Ubatizo. Kaka mkubwa alikwenda kwa shangazi mjane kumwomba msamaha mbele ya watu, naye akamsamehe. Na kamba ile sasa hufungia kuni.

VIII. MASWALI NA MAJIBU

1. Je, ugonjwa wa akili ni adhabu ya dhambi?
Sivyo. Ni ugonjwa wa ubongo, na waweza kumpata mtu yeyote.

2. Mgonjwa apelekwe wapi kwanza?
Apelekwe upesi katika kituo cha afya, apimwe kama hana malaria, malale au ugonjwa mwingine, kisha apelekwe kwa waganga wa akili.

3. Kwa nini asifungwe wala kupigwa?
Kwa sababu kamba na viboko huumiza mwili, huongeza hofu, wala haviponyi.

4. Dawa ziachwe lini?
Mganga anaposema, si siku mgonjwa anapojisikia mzima.

5. Kazi ya jamaa na kijiji ni nini?
Kumtunza, kumkumbusha dawa, kumpa kazi inayolingana na nguvu zake, kutomcheka, na kutomtia mtu mwingine hatia ya uchawi.

6. Katika kijiji chenu yuko mgonjwa aliyefungwa au aliyefukuzwa?
Swali hili halina jibu lililoandikwa hapa. Kila kijiji kilijibu chenyewe, tena juma hili.